Mama ana magoti yanayouma: tumpeleke kwenye njia ya Katy?

*Shikamoo. Mama yangu ana miaka 66. Amekuja kututembelea hapa Columbia, Missouri, akitokea Tabora, na sasa ana wiki moja tangu ashuke kwenye ndege. Magoti yanamsumbua, hasa akishuka ngazi, na anatumia vidonge vya presha, kimojawapo cha kumfanya akojoe. Mume wangu anataka Jumamosi moja ya mwezi huu wa Juni twende sote, na watoto wetu wa miaka 10 na 6, tuendeshe baiskeli kutoka hapa mjini mpaka Rocheport na kurudi, kwa sababu ameambiwa njia ni tambarare mwanzo mwisho. Mama aliendesha baiskeli ujanani, lakini hajaigusa zaidi ya miaka 30. Dada zake kule nyumbani wanamwambia atamaliza mafuta yaliyobaki kwenye magoti. Yeye mwenyewe anasema njia ya reli si mahali pa watu kutembea, je, treni ikija? Sijui nimsikilize nani. Twende naye au abaki nyumbani?*

Marahaba. Nendeni naye. Ila msiende ile safari aliyoipanga mume wako.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa miaka mingi, na njia hiyo ya Katy, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli na miguu, naiendesha karibu kila mwezi usio na barafu, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili. Naona una hofu tatu zilizochanganyika: magoti ya mama, treni, na umbali. Ile ya umbali hukuiuliza sana, umeipitia tu kwa kusema njia ni tambarare. Kwangu mimi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Tuanze na treni, maana mama aliyekulia Tabora, pale reli ya Kigoma inapoachana na ya Mwanza, ana kila haki ya kuuliza. Mwambie hakuna treni. Reli hiyo ilikuwa ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas, ambayo watu waliiita Katy kutokana na herufi K na T. Iliacha kutumika kwenye sehemu hii mwaka 1986, baada ya mafuriko ya mto Missouri kuiharibu. Vyuma na mataruma vikang'olewa, likabaki tuta lenyewe. Huku Marekani kuna sheria ya mwaka 1983 inayoruhusu reli iliyoachwa igeuzwe njia ya watu, huku ardhi yake ikihifadhiwa isigawanywe, ili siku treni ikihitajika tena ipate pa kupita. Wenye ardhi kando ya reli za namna hiyo walipinga mahakamani, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hii ikasema sheria ni halali. Mwaka huohuo kipande cha kwanza cha njia ya Katy kilifunguliwa palepale Rocheport. Fedha za kununua na kujenga zilitoka kwa sehemu kubwa kwa mume na mke, Ted na Pat Jones, waliotoa dola milioni 2.2. Leo njia ina urefu wa maili 240 hivi, yaani karibu kilomita 386, ni hifadhi ya jimbo, na haina kiingilio. Nikifikiria ile reli yetu ya Mtwara na Nachingwea, iliyofungwa mwaka 1962 baada ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga kushindwa, naumia kidogo, kwa sababu tuta likishamegwa na mashamba halirudi tena.

Mama atauliza, basi kwa nini njia ya treni iwe nyepesi kwa mguu wa mtu? Mwelezee hivi. Gurudumu la treni ni chuma, na linabingirika juu ya chuma. Msuguano ni mdogo mno, ndiyo maana kichwa kimoja kinavuta mabehewa mengi. Lakini msuguano huohuo mdogo unafanya treni ishindwe kupanda mlima, magurudumu yanazunguka palepale. Kwa hiyo wahandisi walitafuta ukingo wa mto, wakachimba vilima, wakajaza mabonde, ili mwinuko usizidi kiasi ambacho hata macho yako hayautambui. Juu ya tuta hilo sasa kuna changarawe laini ya mawe ya chokaa, imeshindiliwa mpaka ikawa kama sakafu ya udongo iliyofagiliwa vizuri. Tairi nyembamba za baiskeli za mashindano hazifai hapo. Tairi pana kidogo zinapita bila shida.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Utambarare unapumbaza. Kwenye barabara ya vilima mwili unakuonya mapema: umepanda kilima kimoja umehema, cha pili umesema basi. Kwenye tuta la reli hakuna kinachokusimamisha. Watu wanacheka, wanapiga picha, wanasema twende mpaka kwenye ile kona, halafu ile nyingine. Baada ya saa moja na nusu mtu anasema "nimechoka," na hapo ndipo mnagundua kwamba saa moja na nusu nyingine iko nyuma yenu, na gari liko huko. Na kuna jambo la pili ambalo wageni hawalijui: mahali pasipo na mlima hapana mteremko. Kwenye vilima unapanda kisha unaachia miguu ikapumzika. Kwenye tambarare ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Makalio yanabanwa palepale, mikono inashika palepale, goti linakunjuka kwa pembe ileile, maelfu ya mara.

Tupige hesabu ya mume wako. Kutoka mjini Columbia mnafuata njia ya MKT, ambayo nayo ilikuwa tawi la reli hiyohiyo, maili 8.9 mpaka inapokutana na njia ya Katy karibu na McBaine. Kutoka hapo hadi Rocheport ni maili nyingine nane na zaidi. Kwenda na kurudi ni kama maili 34, kilomita 55 hivi. Mtu aliyerudi kwenye baiskeli baada ya miaka 30, akiwa na mtoto wa miaka 6 mbele yake, ataenda kilomita 10 kwa saa akijitahidi. Hizo ni saa tano na zaidi za kukanyaga, bila kuhesabu kupumzika, kula na kutafuta choo. Akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, kila goti limekunjwa mara 18,000 kabla ya kufika nyumbani. Na kuna kitu kimoja cha mwisho: Columbia iko juu kuliko bonde la mto. Asubuhi mtashuka bila kujua kwamba mnashuka. Mchana, jua likiwa kali, mtapanda mwinuko uleule usioonekana, mkishangaa kwa nini baiskeli zimekuwa nzito. Ningekuwa mimi, hata mtoto wa miaka 10 nisingempeleka safari hiyo, sembuse mama.

Kuhusu magoti, dada za mama wanasema kitu ambacho nakisikia kila wiki: mafuta yameisha, basi usitumie kilichobaki. Wanampenda, na ninaelewa kwa nini wanafikiri hivyo, lakini goti si kibatari kinachokausha mafuta kwa kuwaka. Kwenye ncha za mifupa ya goti kuna gegedu, utando mgumu wenye uso laini unaoteleza, na kuzunguka hapo kuna ute. Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji unayoikamua kwenye maji. Goti likikaa bila kutembezwa, ute haufiki vizuri, na misuli ya paja, ambayo ndiyo inayobeba mzigo pamoja na goti, inanyauka. Ndiyo sababu mtu mwenye magoti ya uzee anayekaa kitini kutwa nzima anaamka na magoti mazito zaidi. Baiskeli ni mojawapo ya mazoezi tunayoyapendekeza kwa watu kama mama, kwa sababu kiti kinabeba uzito wa mwili na goti linakunjwa bila kupigwa chini.

Ila baiskeli iliyopangwa vibaya itamuumiza, na karibu kila mama niliyemwona akianza upya ameikosea sehemu ileile: kiti. Anataka kiti kiwe chini ili nyayo zote mbili ziguse ardhi akiwa amekaa, kwa kuogopa kuanguka. Kiti kikiwa chini, goti linakunjika sana kila mzunguko, na kile kifupa cha mbele ya goti kinagandamizwa kwenye paja kwa nguvu. Umesema maumivu ya mama ni wakati wa kushuka ngazi. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba sehemu hiyohiyo ya mbele ndiyo inayolalamika. Kwa hiyo fanya hivi: baiskeli ishikiliwe, mama akae, aweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka, bila nyonga kuinamia upande. Akihamisha unyayo sehemu ya vidoleni, goti litabaki na mkunjo mdogo tu, na hapo ndipo panapofaa. Mwanzoni mnaweza kushusha kiti kidogo mpaka azoee, lakini msianze safari hivyo. Chagueni baiskeli isiyo na mtalimbo wa juu katikati, ili asihitaji kurusha mguu. Na gia iwe nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma. Wengi wanaweka gia nzito kwa kuwa njia ni tambarare na wanataka kufika. Magoti ndiyo yanayolipa.

Kama hata hivyo hana uhakika wa kusimama na baiskeli, ipo ya magurudumu matatu ya watu wazima. Ni pana na nzito, lakini haiangushi. Ya umeme nayo inasaidia sana dhidi ya upepo, ingawa simpendekezei mtu ambaye hajaendesha miaka 30 aanze na chombo kinachoruka mbele akigusa pedali. Na kutembea kwa miguu si kushindwa. Njia hiyo ni ya watembeao pia.

Wiki moja kabla, mpeleke mama kwenye uwanja wa maegesho mtupu, jioni, mara tatu au nne, dakika kumi kumi. Si kwa ajili ya magoti tu. Kuendesha kweli mtu hasahau, lakini kushika breki kwa vidole bila kuogopa na kushuka bila kuyumba, hivyo vinataka kurudiwa. Nguo pia zijaribiwe hapo. Dera likiingia kwenye cheni linamvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Avae suruali, na kama anataka kujifunga kanga, aifunge juu ya magoti, ncha zake zichomekwe kiunoni.

Sasa safari ninayowapangia. Acheni Columbia, nendeni na gari moja kwa moja mpaka Rocheport, mfike saa moja asubuhi. Njia hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama, na mwezi wa Juni kabla ya saa nne bado kuna ubaridi mzuri. Kabla ya kupanda baiskeli, tembeeni kidogo upande wa magharibi mpaka kwenye handaki. Lina urefu wa mita 74 tu, lilitobolewa mwaka 1893 hivi, na ndilo handaki pekee kwenye njia nzima. Mdomo wake umejengwa kwa mawe yaliyochongwa, na ukiingia unasikia hewa inabadilika usoni. Mwacheni mama asimame hapo kidogo aone ukubwa wa tundu ambalo treni ilipita. Nadhani hapo hofu ya treni itamtoka.

Kisha geukeni, mpande baiskeli kuelekea McBaine. Baada ya muda mfupi mtakuwa na mto Missouri mkono wa kulia na ukuta wa mawe ya chokaa mkono wa kushoto, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa kadhaa, na njia imepita katikati, kwenye kivuli cha miti. Kwa macho yangu hakuna kipande kizuri kuliko hicho kwenye maili zote 240. Mwaka 1804 wasafiri wa Lewis na Clark, waliotumwa na serikali ya Marekani kupeleleza nchi za magharibi, walipita hapa kwa mashua na kuandika kuhusu michoro ya Wahindi Wekundu kwenye majabali ya karibu, na kuhusu nyoka waliowaua pale. Nyoka bado wapo, hawafukuzi watu. Watoto wasitie mikono kwenye mianya ya mawe.

Muende maili tatu, basi. Kando ya njia kuna vigingi vyenye namba za maili, ni hesabu ya reli ileile ya zamani. Rocheport ni 178 na kidogo. Mkifika kigingi cha 175, geuzeni, hata kama kila mtu anacheka na mama anasema hajachoka. Hasa kama anasema hajachoka. Hapo mtakuwa mmemaliza nusu, na nguvu ya nusu ya pili bado ipo. Kila mnapopita kigingi, mmoja wenu ashike namba kichwani. Chini ya majabali simu hupotea mtandao mara kwa mara, na siku mkihitaji kupiga 911, simu ya dharura ya huku, namba ya kigingi ndiyo itakayowaleta waokoaji mahali mlipo, kwa sababu hakuna jina la barabara la kutaja.

Kama mume wako bado anataka kufika mbali, dawa yake ni gari. Achukue mtoto mkubwa, waendeshe Rocheport mpaka McBaine bila kurudi, ninyi muwafuate huko na gari mkishamaliza sehemu yenu. Karibu na McBaine kuna mwaloni mmoja mkubwa katikati ya mashamba, wenye miaka mia tatu na zaidi, uliopigwa na radi mwaka 2020 ukanusurika. Mama anaweza kuuona kwa kushuka kwenye gari tu.

Angalieni upepo usiku wa kuamkia safari. Bonde la mto ni kama bomba, na upepo unaowasukuma wakati wa kwenda utawapiga kifuani wakati wa kurudi. Upepo ukiwa mkali kutoka magharibi, msifike hata hiyo 175. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, ahirisheni. Changarawe inalainika, tairi zinazama kidogo tu, lakini kidogo hicho kinaongeza kazi ya goti. Na mto ukijaa, angalieni tangazo la hifadhi. Mafuriko ya mwaka 1993 yalifagia sehemu kubwa ya njia hii, na hata sasa vipande hufungwa mto unapopanda. Njia inapokatiza barabara za magari kuna alama za kusimama na nguzo fupi katikati ya njia. Mtoto wa miaka 6 akiangalia nyuma kumwita bibi, atagonga nguzo hiyo. Mtu mzima mmoja awe mbele yake daima.

Kuhusu presha: kile kidonge cha kukojoa kinapunguza maji mwilini, na joto la Juni linapunguza mengine. Hatari yake huja mtu anaposimama. Anashuka kwenye baiskeli, damu inabaki miguuni, kizunguzungu kinamshika. Ashuke polepole, asimame ameshika usukani mpaka ahesabu ishirini, anywe maji kidogo kidogo bila kungoja kiu. Msiache wala kusogeza dozi kwa ushauri wangu au wa jirani. Mpigieni daktari au mfamasia wake aliyeandika dawa, hata kwa simu ya Tabora, muulize kuhusu joto na mazoezi. Baadhi ya vidonge vya presha huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa ya mkononi haitawaambia kama amezidiwa. Mpimeni kwa maneno. Akiweza kusimulia jambo bila kukata sentensi, yuko salama. Akijibu "ndiyo" na "hapana" tu, simameni.

Jioni mkifika nyumbani, wote muoge na kukaguana kupe: nyuma ya magoti, kwenye kwapa, kiunoni, kwenye nywele za watoto. Missouri ina kupe wengi, na yupo mmoja, jike lake lina doa jeupe mgongoni, ambaye kuuma kwake kunaweza kumwachia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe na mbuzi, unaotokea saa kadhaa baada ya kula. Mng'oeni kwa kibano, mkimshika karibu na ngozi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha wala kumchoma moto. Homa au vipele ndani ya wiki kadhaa, hospitali, na mseme kuhusu kupe.

Goti likiuma kidogo siku inayofuata, hilo ni la kawaida. Likiwa limerudi kama zamani ndani ya siku moja au mbili, mlikwenda kiasi kizuri, na mara nyingine mnaweza kuongeza maili moja. Lakini yapo mambo ambayo kabla ya kumpandisha baiskeli nataka aonwe na mtu, si kusomewa maandishi yangu: goti lililovimba na kupata joto, goti linalogoma kunyooka, linalomwachia ghafla akitembea, au linalomwamsha usiku. Maumivu ya kifua, au kuhema kupanda ngazi chache, hayo yasubirishe safari yote mpaka daktari aseme.

Na kuna moja ambalo hukuliuliza, nami silitaki lipite. Mama ametoka kwenye safari ndefu ya ndege, na wiki moja haijamtoa kwenye hatari. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mshipa wa mguu, na dalili huweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye. Leo jioni mkae naye, mpandishe nguo mpaka magotini, ulinganishe mashavu ya miguu yote miwili kwa macho na kwa kiganja. Mmoja ukiwa umevimba kuliko mwingine, una joto au unauma ukiubonyeza, mpelekeni hospitali leo hii, bima ya mgeni iwepo au isiwepo. Akianza kuhema ghafla au kifua kumchoma, pigeni 911. Kama mashavu yako sawa, ya leo ni kutafuta baiskeli isiyo na mtalimbo na kuanza zile dakika kumi za uwanjani.